Wimbo wa Kware wa Veronika

Mtacheka nikisema "enzi zetu", nami bado navaa sare ya shule. Lakini sisi tuliochunga ndama pamoja kule Dongobesh tunazo enzi zetu, na ndani yake yumo Veronika.

Alikuwa binti wa jirani, amenipita umri kidogo tu. Palipo na palizi au harusi, aliitwa aimbe. Wimbo wake wa kware walioshiba mtama wa watu ulifika mpaka mnada wa Katesh. Hata karani wa Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, alisimamisha baiskeli amsikilize.

Homa ikamchukua ghafla. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na kijana hutengwa: huli nao, huchoti maji nao, hukanyagi njia yao. Sisi watoto tukawa na hofu yetu nyingine: na wimbo je? Si umetoka mdomoni mwake?

"Ukiuimba humu ndani utatuletea kifo," mama aliniambia. "Funga huo mdomo."

Nikaufunga. Lakini nikisaga mtama wimbo ulipanda kooni wenyewe, nikawa nauma ulimi.

Siku moja nikiwa na ndama bondeni, mama yake Veronika alitokea ng'ambo ya kijito. Nilitaka kukimbia, nikakumbuka ndama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usivuke. Niimbie tu ule wa kware. Kila nikianza nakwama katikati."

"Mama, naogopa."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Naogopa wimbo utanipotea."

Nikaimba, sauti ikitetemeka kama ya mbuzi. Palipomshinda akapakumbuka, akaendelea mwenyewe, akilia. Nilirudi nyumbani sikumwambia mtu. Siku nyingi baadaye mdogo wangu akikohoa tu, nilikimbia kumgusa paji kama ana homa. Namshukuru Mungu, hakufa mtu.

Watoto wa siku hizi, ambao hata kumfunga ndama kamba hawawezi, wamemtoa kware wimboni wakatia lori. Wanauimba wakining'inia nyuma ya lori la mwenye duka, na kubisha wanabisha kwamba umetungwa Arusha! Mama yake Veronika akiwasikia huacha kulima, akanyoosha mgongo. Sisi tuliogopa hata kumtazama. Hawa wanampungia mkono, naye anawapungia mpaka lori linapotea mlimani.