Kutafuna Hewa

Jirani yangu mshonaji hakuacha kulowesha uzi kwa ulimi kabla ya kuutunga kwenye sindano, hata baada ya ulimi wenyewe kuanza kujiendea utakavyo. Vidonge vya tumbo alivyoandikiwa na daktari vilimwondolea kichefuchefu, vikamwachia taya linalotafuna kutwa kucha bila kitu kinywani. Zamani alibana pini midomoni huku akikusuta kwa kunenepa. Sasa alizichomeka begani, na wateja wakapungua, maana hakuna apendaye kupimwa kiuno na mtu anayetafuna kana kwamba ameshaanza kumla. Akawashtaki watengenezaji wa vidonge, akadai fidia.

Nilimsindikiza mahakamani. Wakili wao, kijana aliyevaa suti iliyoonekana kushonwa na adui yake, alishikilia kwamba mama huyu ni mzima kabisa, na madhara anayoyasema ameyabuni. Kisha akamtazama, akakunja uso, akamgeukia hakimu. “Mheshimiwa, naomba mdai aamriwe kutema chingamu. Anaidharau mahakama.”

Jirani yangu akasimama, akaachama mbele ya wote, ulimi ukicheza peke yake. “Njoo uitafute, baba,” akamwambia. “Ukiiona, kesi nafuta.”

Hakimu aliinama akaandika kwa muda mrefu. Wakili akaketi taratibu, kama aliyekalia pini.

Hukumu ilikuwa haijatoka jirani yangu alipohamia kwa bintiye. Alichungulia dirishani mwa teksi, taya likienda. “Wakinilipa, mdogo wangu, kitu cha kwanza nanunua chingamu. Hewa nimeitafuna vya kutosha.”