Attracta Geelan na Uwanja wa Drumkeel

Attracta Geelan alifundishwa mpira wa Kigaeli, ule wa Ireland unaochezwa kwa mikono na miguu, na kaka zake watano, na kwa wanaume mpira ulio chini hauokotwi kwa mikono. Unaunyanyua kwanza kwa ncha ya kiatu. Wanawake walipounda chama chao cha mchezo huo wakajiwekea sheria yao: okota, uende zako. Alihangaika mwaka mzima kuyaacha mazoea ya nyumbani.

Timu yao ya kaunti ya Leitrim ilikuwa na miaka minne, yote ya kuombaomba. Walifanya mazoezi kwenye malisho, wakikwepa mavi ya ng'ombe, na kubadilishia nguo ndani ya magari. Mwaka huo, 1978, Gerald Prior, mwenyekiti wa klabu ya Drumkeel, aliwaahidi hadharani: mkiwafunga jirani zetu Cavan, uwanja wetu mtautumia kwa mazoezi. Msipowafunga, msinisumbue tena. Wachezaji sita walikuwa wameshaapa kwamba bila uwanja hawarudi, kwa hiyo hapo ndipo timu ingefia, na Attracta alilijua hilo hata usingizini.

Wakapangiwa kucheza hapo hapo Drumkeel, kabla ya mechi ya wanaume, kama kawaida, kuwachangamsha watu. Dakika ya mwisho Leitrim walikuwa mbele kwa pointi moja. Mpira ukadunda mbele ya goli lao, ukatulia kwenye matope.

"Mikono, Attracta! Mikono!" kocha alipiga yowe.

Akainama, akauokota kwa mikono miwili, safi kabisa. Filimbi ikalia.

"Faulo," refa alisema. "Umeokota chini."

"Refa, sisi tunaruhusiwa!"

"Mama, mimi nimechezesha miaka ishirini. Faulo."

Concepta Brady, nahodha wa Cavan, akaja kuuweka mpira.

"Dada, unajua si faulo," Attracta alimwambia.

"Najua. Nimemwambia, hasikii. Unataka nipige nje, kwetu wanichinje?"

Akapiga. Mpira ukapita juu ya mwamba, kati ya milingoti, na bendera nyeupe ya pointi moja ikapepea. Sare. Mechi ikaisha.

Prior alikuwa amefika uwanjani, mikono mfukoni. "Poleni, akina mama. Nilisema kufunga, sikusema sare. Haya, tokeni, wanaume wanasubiri."

Wachezaji wa Leitrim walianza kuondoka vichwa chini. Attracta alitaka kulia, lakini badala yake akaketi, pale pale kwenye matope.

"Inuka, Attracta," Prior alisema.

"Sinyanyuki."

"Usinitie aibu mbele ya watu!"

"Aibu umeianza wewe na refa wako. Tumeshinda, na wewe mwenyewe umeona."

Jukwaani wakaanza kupiga miluzi. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba aende akapike viazi. Attracta akabaki amekaa. Mlangoni wanaume wa Drumkeel walikuwa tayari na jezi, na wawili kati yao walikuwa kaka zake. Mkubwa alimtazama kana kwamba hamjui. Hilo lilimuuma kuliko filimbi.

Ndipo Concepta akarudi, akaketi kando yake.

"Nilikwambia refa hasikii," alisema. "Tuone kama huyu anasikia."

Wakaja wengine, wa Leitrim na wa Cavan, mmoja mmoja, mpaka njia ya kwenda golini ikazibwa na makalio ya wanawake. Prior akatazama saa, akatazama umati uliokwishalipa kiingilio. Jasho likamtoka.

"Jumatano," alinong'ona. "Njooni Jumatano jioni."

"Na Ijumaa."

"Na Ijumaa! Haya, inukeni basi!"

"Nenda ukaseme kwenye kipaza sauti," Attracta alisema, "kwamba ni wetu. Nikikusikia, nitainuka."

Prior akageuka, akaanza kupanda ngazi kuelekea kwenye kipaza sauti, na uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza.