Hotuba Niliyoitoa kwa Niaba ya Mwenzangu

Mhariri, chapa barua hii, lakini jina langu na la chuo yabaki kwako. Nina miaka ishirini na mitatu, nasoma chuo kikuu ng'ambo ya mpaka. Niko likizoni nyumbani, karibu na Kiogoro, kwetu Wakisii.

Chuoni tuna mdahalo kila wiki. Upande wako huuchagui: unaokota kikaratasi kofiani, na katibu anaandika daftarini nani kapata nini. Muhula uliopita hoja ilikuwa kwamba machifu wachaguliwe na watu wao, wasiteuliwe na serikali. Mwenzangu wa chumbani aliokota kuunga mkono. Kwao ni Nyeri, kwenye Hali ya Hatari, na kaka yake yuko kizuizini. Alinivuta nje.

"Nikisema mimi haya, ni Mau Mau. Ukisema wewe Mkisii, watasema umeshiba ndizi, unapayuka tu."

Mimi nilikuwa nimeokota kupinga, tukabadilishana. Daftari halikusahihishwa; humo aliyepata kuunga mkono bado ni yeye.

Nilisema dakika kumi, wakapiga makofi. Gazeti la chuo likachapa hotuba pamoja na jina langu, na nakala moja ikamfikia Bwana DC, mkuu wa wilaya yetu.

Tata, baba yangu, ni mzee wa kijiji. Aliteuliwa na chifu. Jumanne iliyopita tuliitwa sote wawili kwa chifu. Nakala ilikuwa mezani.

"Kumbe mimi nichaguliwe na watu, msomi?" chifu akaniuliza. "Na baba yako atachaguliwa na nani? Ng'ombe?"

Askari wake wakacheka. Tata alitazama viatu vyake.

"Ni masomo tu, Chifu," nikasema. "Tunaokota vikaratasi."

"Basi andika hivyo. Bwana DC anataka barua kabla ya mwisho wa mwezi. Atauliza chuoni kama ni kweli."

Tulipokuwa njiani Tata alisema, "Momura, kijana wangu, andika. Kikaratasi kitakuokoa."

Habari ya daftari haijui. Nikitaja vikaratasi, watakuta jina la mwenzangu, na watamuuliza aliogopa nini. Huko kwao watu huchukuliwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikiandika kwamba maneno ni yangu, Tata atavuliwa kazi, nami chuoni sirudi. Na nisiwafiche: nilipokuwa nikiiandaa hotuba ile, niliiamini. Hilo sijamwambia mtu.

Kila nisikiapo baiskeli ya tarishi wa chifu njiani, naingia ndani.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu mna wazazi na mna rafiki. Barua hiyo mngeiandikaje?