Balozi Nilimleta Mwenyewe

Niliacha shule darasa la sita, wazazi wetu walipofariki, ili niwalee wadogo zangu watatu hapa Bulyaga. Shangazi yetu wa kijiji cha Masoko bado anataka wakaishi kwake. Ndiyo maana mwaka huu nilijipangia kuwafundisha mwenyewe kila jioni, kuanzia Atu wa darasa la pili hadi Lusajo wa la saba, asije akasema kwangu hawasomi.

Nikaanza kuwashuku. Kila nikimaliza somo, wote watatu wanakwenda kumkatia ng'ombe majani, kazi ya mtu mmoja. Nikisogea, wananyamaza. Kwa akili zangu za darasa la sita nikajua wanapanga kuhamia kwa shangazi.

Juzi nikamleta balozi wa mtaa awe shahidi, tukajibanza kwenye migomba. Lusajo alikuwa anawaandikia wenzake hesabu ya sehemu chini kwa kijiti, ile niliyowafundisha jioni hiyo.

"Dada kajumlisha namba za juu na za chini. Za chini zikiwa sawa, inabaki hiyo hiyo."

"Tumwambie?" Atu akauliza.

"Thubutu. Ataona aibu, aache kutufundisha."

Balozi akakohoa. Atu akageuka, akaniona nimechuchumaa, akanisogezea jani la mgomba.

"Kaa hapa, dada. Ndiyo kwanza tunaanza."