Asubuhi Niliyokataa Kuomba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gati la Mbaraki, nilikabidhiwa kipande cha gunia. Nilikuwa nimeteremka kutoka Taita mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimepanga chumba Tononoka, na nilidhani kazi ya kupakua meli ni mabega tu. Serahangi, yaani mkuu wa genge la wapakuzi, alikuwa mzee wa Bondeni, mtu wa swala tano na maneno machache. Alinipeleka penye silingi, vile vitanzi vya kamba ya chuma vinavyozungushiwa mzigo ndipo winchi iuinue, akaniambia nilipitishe gunia kwenye kila moja, taratibu, toka ncha hadi ncha.

"Sikiza, mwanangu," akasema. "Kamba haitezamwi kwa mato. Hupapaswa."

Mato ni macho kwa Kimvita. Alitaka nielewe kwamba kamba ya chuma imesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, nazo hukatika mojamoja huku kamba yenyewe ikiendelea kung'aa kwa grisi. Uzi uliokatika hutoa ncha kama mwiba, na ncha hiyo hunasa gunia. Ikinasa mahali pengi, silingi hufungwa kitambaa chekundu na kutengwa. Nyinyi vijana mnaoona makontena yakiinuliwa kama vibiriti, jueni kwamba wakati wetu uhai wa mtu aliyekuwa ndani ya ngama, kule chini tumboni mwa meli, ulikuwa mkononi mwa mwenye gunia.

Mzee alipostaafu, nafasi yake nikapewa mimi. Kanisani nilikuwa nikifundisha darasa la ubatizo, kwa hiyo hata gatini waliniita Mwalimu, Waislamu kwa Wakristo. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa Kazungu, mtu wa Rabai, kibarua katika genge langu. Alikuwa na maswali ya kukera. Jioni moja nilifundisha juu ya ufuasi mpaka koo likakauka, naye akaniuliza, "Sawa, Mwalimu. Na Jumatatu mfuasi wa Kristo hufanya nini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sijasikia swali bora kuliko hilo katika kanisa lolote. Kabla ya kubatizwa, Kazungu alikuwa akitoka getini na sukari ya meli mfukoni kama wenziwe wote. Baadaye akaacha, nao wakamtania kwamba mkewe, Mama Kadzo, sasa atamtilia chumvi kwenye chai.

Kisha tukaletewa Msimamizi mpya wa zamu. Alikuwa mtu wa bara, suruali imenyooka kwa pasi, na mzee wa kanisa letu hilohilo. Alileta amri moja ambayo hatukuwa nayo: kila asubuhi genge lisimame, liombe, na winchi yoyote isizunguke kabla ya Amina. Waislamu walisimama nasi kwa adabu, mikono imefunguliwa. Aliniteua mimi kuongoza, nami nilifurahi, kwa nini nidanganye? Niliona hatimaye Jumapili imeshuka gatini.

Hasira yangu ilianza na meli ya nondo. Nondo ni mzigo mbaya, vyuma virefu vilivyofungwa mafurushi, na furushi likiponyoka halichagui. Asubuhi hiyo silingi moja ilinasa gunia kila hatua. Niliitenga, nikaifunga kitambaa chekundu, nikaomba nyingine. Msimamizi akasema hakuna, na kwamba kila siku meli ikikaa gatini kampuni inaumia. Adhuhuri nilipokwenda kula, yeye mwenyewe akaamuru kitambaa kifunguliwe na silingi irudishwe kazini. Vibarua wangesema nini? Anayekataa kazi leo, kesho haitwi getini. Kazungu alikuwa ngamani akifunga mafurushi. Silingi ilipokatika, nilisikia kelele nikiwa na mkate mkononi.

Tulimwombea kanisani Tononoka kabla ya maiti kupelekwa Rabai. Msimamizi ndiye aliyesimama kutoa neno la faraja. Alisema siku ya ndugu yetu ilikuwa imefika, kwamba Mungu hupanga na mwanadamu hapangui, na kwamba Mama Kadzo asiulize kwa nini. Kanisa zima likaitika Amina. Mama Kadzo alikuwa amekaa mbele, amefunga leso kiunoni, na hakuitika. Mtu aliirudisha ile silingi kazini kwa amri yake mwenyewe, akaja kumsingizia Mungu mbele ya mjane. Akisingiziwa jirani yako utamtetea. Mungu akisingiziwa, tunaitika Amina.

Tuliporudi kazini meli ilikuwa bado ipo, na mafurushi tele. Nilipitisha gunia kwenye silingi zilizobaki, zilizonunuliwa pamoja na ile iliyoua. Zote zilinasa. Nikamwambia Msimamizi. Akasema mpya zimeagizwa, zitafika siku zikifika, na leo tumtegemee Bwana. Genge likasimama. Akavua kofia.

"Mwalimu, tuongoze."

"Siombi," nikasema.

Alidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia. "Silingi zimeliwa, Bwana Msimamizi. Mungu ametupa vidole, tumezipapasa, naye ametujibu. Nikimwomba atulinde nazo nitakuwa ninamtania."

"Unamkana Bwana mbele ya Waislamu?"

"Simkani. Nakataa kumbebesha lawama ya Kazungu wa pili."

Mwendesha winchi, kijana wa Bondeni mwenye ulimi mwepesi, alikuwa amekwisha kaa juu ya gogo. Msimamizi alipomwamuru apande, akajibu kwa upole wote, "Mimi nangojea Amina, bwana. Si ndiyo amri yako?"

Basi Msimamizi akaomba mwenyewe. Aliomba kwa sauti, akaombea meli, akaombea kampuni, akaiombea serikali. Akafika mwisho, akasema Amina. Hakuna aliyeitika. Akasema tena, kwa ukali kidogo. Mbele yake walikuwa wanaume wenye njaa, wenye watoto, wasio na hakika ya kuitwa kesho, na wote wakakaa chini.

Kabla ya adhuhuri lori likaleta silingi mpya, grisi yake bado haijashikwa na mkono. Hazikuagizwa popote. Zilikuwa katika bohari ya kampuni muda wote, mahali ambapo ungeweza kutuma mtu kwa miguu, akarudi kabla chai haijapoa. Zilikuwa zimehifadhiwa zisichakae. Nilizipapasa moja moja, gunia likateleza, nami nikalia mbele ya genge zima bila haya.

Malipo yangu nikayapata. Kampuni ilinivua userahangi, nikawekwa kufagia ghala, na huko ndiko nilikomalizia kazi. Kanisani wazee waliniita, Msimamizi akiwa miongoni mwao. Shtaka halikutaja silingi wala Kazungu. Lilisema nimekataa sala hadharani na kuiaibisha imani. Nikitubu, wangenisamehe. Sikutubu. Wakanivua darasa la ubatizo, wakanitenga na Chakula cha Bwana.

Vijana mnaniuliza kuishi vyema ni nini. Nilifundisha jambo hilo kwa miaka na bado maneno mengi yananikinaisha. Wahenga wa pwani walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mfuasi wa Kristo hujulikana Jumatatu, mahali ambapo mwenzake yuko chini na yeye yuko juu. Ukimwona mkubwa wako anakuhimiza kuomba kuhusu jambo lililo ndani ya uwezo wake kulitengeneza, mwambie alitengeneze kwanza. Mtaambiwa mna kiburi. Mimi niliambiwa.

Nilipostaafu, Msimamizi alikuwa amekwisha kufariki. Mchungaji mpya, kijana mpole, akaja nyumbani kunijulisha kwamba wazee wamekubali nirudi mezani, bila hata kutubu. Yaliyopita si ndwele, akasema. Nikamjibu nitarudi siku atakaposimama mimbarani na kutangaza kwamba Kazungu aliuawa na silingi mbovu iliyorudishwa kazini na mtu, na kwamba Mungu hakuwa na mkono katika jambo hilo. Akasema tangazo kama hilo litaiumiza familia ya marehemu Msimamizi.

"Na familia ya Kazungu?" nikamuuliza.

Akanywa chai yake, akaaga.

Jumapili ya Chakula cha Bwana waumini huenda mbele safu kwa safu, na mimi hubaki kwenye benchi la nyuma. Kando yangu hubaki pia Mama Kadzo. Yeye hakuna aliyemtenga.