Jaketi ya Taïwan Mu Joto ya Beni

Musimuonee Kambere huruma. Yeye mwenyewe alinipatia ruhusa ya kuandika mambo yake, tena alininunulia fanta.

Kambere anatengenezaka matelefone na maordinateur, ni kusema makompyuta, mu kibanda cha mbao hapa Butembo. Ku ukuta hapana picha ya askofu, hapana picha ya mama yake. Iko picha tatu za batu ba Taïwan: Tsai Ing-wen, mwanamuke wa kwanza kuwa rais kule, Teresa Teng, mwimbaji aliyekufa zamani lakini angali anamuliza Kambere akiunganisha nyaya, na Jensen Huang, muzaliwa wa Tainan, bwana wa kampuni kubwa ya vifaa vya ordinateur.

Huyu wa mwisho ndiye alimuharibu kichwa. Kambere alisoma kama Jensen iko na kaka mukubwa. Basi kwetu Banande, mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambere.

"Mujomba, kumbe ni Kambere mwenzangu!" akanikimbilia na picha mukononi.

Na kwa sababu Jensen anapendaka kuvaa jaketi nyeusi ya ngozi, Kambere akatafuta yake mu mitumba. Butembo iko baridi, hakuna shida.

Shida ilikuwa Falonne, ule Kambere alitaka kuoa, binti ya Papa Kitsa wa commune Ruwenzori, pa Beni. Mwalimu mumoja, Elikia, alikuwa anamutaka pia. Tukaalikwa tujionyeshe. Musemaji nilikuwa mimi, kwani mudomo yangu inajulikana mpaka Mbau, kule mbele ya Beni.

Tena nilimupigia shati pasi. Ndiyo, mimi. Nilikuwa ninaelezea jirani namna nilimushinda mwalimu wa hesabu mu mwaka wa tano primaire, na pasi ya makala ikakula mugongo ya shati. Tundu likatoka na sura ya pasi kabisa.

"Vaa jaketi juu," nikamuambia. "Usiivule mpaka turudi."

Beni ni joto, jamani! Kambere akafika analowana kama aliogea na manguo. Sasa Papa Kitsa, wakati wa Ebola, alikuwa anapima batu joto ku barrière ya barabara. Kazi iliisha, thermoflash, ile mashini ya kupimia joto, ikabakia kwake. Hakuna mugeni anaikala mbele haijamuelekea ku paji.

"Trente-huit! Makumi tatu na munane!" akalalamika. "Huyu iko mugonjwa! Avule jaketi nipime tena."

Kambere akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Papa, ni heshima," akasema. "Iko mukubwa mumoja wa Taïwan, Kambere mwenzangu, anapendaka jaketi yake..."

"Kambere wa Taïwan?"

"Alizaliwa wa pili, papa."

Papa Kitsa akafikiri. "Baba yake ni wa kijiji gani?"

Bibi yake wa ndoa, Mama Clémence, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikaingilia: "Papa, ule mutu alianza na kuosha masahani mu restaurant! Leo dunia nzima inamutafuta!"

"Lakini avule. Mwalimu Elikia alikuja siku ya posho, Jumamosi, nikamupima. Trente-six point cinq, makumi tatu na sita na nusu."

Kusikia jina la Elikia, Kambere akasimama, akavua jaketi, akageuka kuiweka ku kiti. Pasi yangu ikatazama nyumba yote.

"Nani alifanya hii?" Papa Kitsa akauliza.

"Mujomba," Kambere akajibu, bila haya.

"Na ukakubali kuchemka hivi?"

"Ningevua, mujomba angepata haya mbele yenu, papa."

Papa Kitsa akanitazama muda murefu, sikupenda. Akatosha maembe mu kisahani, akamupepea Kambere nacho mwenyewe, kisha akamuelekezea thermoflash.

"Trente-six point quatre! Point moja chini, anamushinda mwalimu!"

Akakubali mbuzi zetu za mahari. Lakini akaomba kitu kimoja juu yake: jaketi.

Leo Falonne iko kwa Kambere Butembo, na hataki nikaribie makala yake. Papa Kitsa naye anavaaka jaketi kila siku ya yenga ku misa. Juzi Mama Clémence alimupima ku mulango wa kanisa: trente-neuf, makumi tatu na kenda. Akamuambia avule. Akakataa. Anasema yeye pia iko na kaka mukubwa.