Nilivyomtoa Mwenyekiti Kwenye Grupu

Siku yangu ya kwanza kusimamia grupu la mtandaoni la shirika letu la filamu, hapa Makanyagio, nilianza na usafi. Kulikuwa na mtu asiye na picha, kila asubuhi anatangaza mpunga wake wa Kasansa. Nikamtoa, nikajisemea moyoni: safari hii wamepata mtu wa kazi.

Mchana, wakati natambulishwa, mzee mmoja akasimama na simu yake.

"Mimi ni mwenyekiti wa bodi. Nani kanitoa?"

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo, mzee. Ni mimi."

Ofisi nzima ikalipuka kwa makofi.

"Marahaba," akaniitikia, kisha akawageukia wenzangu. "Kumbe nyie wote mlikuwa mnasubiri mgeni tu?"